Wanafunzi Wenye Wajukuu

Nyinyi vijana wa Schaerbeek mliokuja kwangu Jumapili kuniambia mnataka kufungua darasa la jioni kwa ajili ya mama zenu na baba zenu, mlinikuta nimevaa ndala na sikuwajibu vizuri. Nilisema "ni jambo jema", kama mtu anayetaka wageni waondoke kabla chakula hakijaiva. Sasa nimevaa viatu, nimekaa mezani, nawajibu.

Bon. Msianze na ubao. Anzeni na viti. Mtu mwenye wajukuu akikaa kwenye kiti kibaya, hasikii tena mwalimu, anasikia mgongo wake. Nilitumia nusu ya maisha yangu ya kazi hapa Brussels kujifunza hilo, na nililipwa mshahara kwa kujifunza, kwa hiyo nawapa bure.

Mnanijua kama tonton Séraphin, mzee wa Lubumbashi anayesema sana kwenye harusi. Wengi hamjui kwamba nilikuwa mratibu wa masomo ya watu wazima katika nyumba ya jumuiya moja ya Kiyahudi. Mimi, Mkristo, mtoto wa kwaya ya parokia. Nilianza pale kama mtu wa usafi. Kule nyumbani nilikuwa nimefundisha jiografia sekondari, lakini hapa jiografia niliyoitumia ilikuwa ya kujua ndoo iko ghorofa gani. Kisha mratibu wa zamani akamfuata mumewe Liège, na kamati ikatafuta mtu anayejua mambo ya elimu na anayejua funguo ziko wapi. Mwenye elimu ya kutosha hakupatikana. Mwenye funguo nilikuwa mimi.

Nilinunua tai siku ileile. Nilimpigia dada yangu simu Lubumbashi kumwambia mimi sasa ni coordinateur, na nililitamka neno lile polepole mara nyingi, mpaka akaniuliza kama mtandao ni mbaya.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Katika jumuiya ile, kujifunza hakuishi na shule. Mtu anaweza kuwa daktari, au kinyozi, au bibi wa wajukuu wengi, na bado jioni anakuja kukaa na wenzake kusoma kipande cha Torati, kukibishania, kujifunza herufi za Kiebrania ambazo hakuzipata utotoni. Mimi nilipanga vyumba, saa, walimu, kahawa. Na mwalimu wetu mkuu alikuwa Monsieur Armand, mzee mjane aliyeuza vitambaa maisha yake yote na kufundisha jioni bila kukosa. Alikuwa mwembamba, hakucheka kwa sauti, na ndiye aliyenifundisha kazi, ingawa sidhani aliwahi kukubali kwamba nimefuzu.

Jioni yangu ya kwanza kama mratibu nilitaka kuonyesha kwamba nimejiandaa. Nilijua Wayahudi hawali nguruwe. Basi nikaagiza chakula kisicho na nguruwe hata kwa harufu: krokete za kamba wadogo, zile ambazo Brussels nzima inajivunia, za moto, na limau pembeni. Nikazipanga kwenye sahani, nikasimama karibu nazo na tai yangu.

Armand aliingia, akazitazama.

"Séraphin," alisema, "naona umemfikiria sana nguruwe."

"Sana, Monsieur Armand. Hakuna hata kipande."

"Nguruwe ana jina baya kuliko wenzake, lakini hayuko peke yake. Kiumbe cha majini kisicho na mapezi na magamba nacho hatuli."

Nikamtazama kamba. Nikatafuta mapezi. Hakuwa nayo.

Jioni ile wanafunzi walikunywa kahawa na maji. Mimi nilipanda tramu na sinia zangu, na watoto wangu walikula krokete mpaka wakaanza kuomba nikosee tena. Somo ni hili: ukiwa mgeni katika desturi za watu, uliza kabla, hata kama unaona jibu unalijua. Hasa kama unaona unalijua.

Mtadhani baada ya hapo niliuliza. Sikuuliza. Kuna asubuhi nilifanya usafi mkubwa katika chumba cha masomo, kwa kuwa mtu wa usafi hatoki ndani ya mtu hata ukimvalisha tai. Kabati lilijaa karatasi zilizochanika na vitabu vya sala visivyo na jalada. Nikavitia vyote katika mifuko ya manjano, ile ya taka za karatasi, nikaitoa barabarani, nikaingia ndani nimeridhika. Armand akafika, akafungua kabati.

"Vilivyokuwa humu viko wapi?"

"Nimetupa, Monsieur. Vilikuwa vimekwisha."

Sikuwahi kumwona mzee yule akikimbia kabla ya siku ile. Alishuka ngazi, akatoka nje bila koti, mimi nyuma yake. Gari la taka lilikuwa limeshachukua mifuko yetu na kufika kwa jirani. Armand akasimama mbele ya gari, katikati ya barabara, mkono juu kama polisi. Dereva akafungua dirisha, akauliza kwa upole kama babu amepotea.

"Jina la Mungu limo ndani ya mifuko yenu," Armand alimwambia.

Dereva akanitazama mimi. Nikamwambia ni kweli, kosa ni langu, naomba turudishiwe mifuko. Tukaibeba wawili hadi ndani, na katika kuibeba akanieleza, akihema: maandishi yenye Jina hayatupwi. Yakichakaa yanawekwa mahali pake, kisha yanazikwa makaburini kama mtu. Niliona aibu, na pia niliona wivu kidogo. Mimi madaftari yangu yote ya chuo niliyaacha yakafungiwa karanga sokoni.

Donc, hivyo ndivyo nilivyojifunza kazi: kwa kukimbia nyuma ya Armand. Nilijifunza kwamba mtu mzima humpi "bravo" kama mtoto aliyekwenda chooni peke yake. Nilijifunza kutoa kahawa kabla ya somo, maana akinywa baada ya somo anakwenda nyumbani na maswali yake, na akinywa kabla anayatoa darasani. Nilijifunza kutosema neno "mtihani" hata kwa utani. Na nilijifunza kwamba mtu mzima hatakwambia haoni. Atasema karatasi ni mbaya, taa ni mbaya, mwalimu ana haraka. Hili la mwisho nilikuwa nawafundisha walimu wapya kila mwaka, kidole juu. Subirini mwone jinsi nilivyolitumia mwenyewe.

Alasiri moja nilikuwa kwenye korido nazungumza na dada yangu kwa simu, kwa Kiswahili chetu cha Lubumbashi, habari ya mjomba aliyelazwa. Bibi mmoja mwenye fimbo na hereni za lulu akasimama pembeni akanisubiri nimalize. Kisha akasema, kwa Kiswahili:

"Weye uko muntu wa Lubumbashi."

"Ndiyo, maman."

"Mi nilizaliwaka kule. Leta chai."

Nikaleta. Jioni nilipomsimulia mke wangu Charlotte, aliacha kumenya viazi.

"Na ukaleta?"

"Nikaleta."

"Na tai shingoni?"

"Na tai."

Bibi yule alikuwa Madame Régine. Watu wake walikuwa Wayahudi wa kisiwa cha Rhodes waliokwenda kufanya biashara Katanga, na yeye alizaliwa huko, akakulia huko, akaja Ubelgiji akiwa msichana mkubwa. Kwa Kifaransa alikuwa na adabu kupita kiasi, kila sentensi ikiwa na "s'il vous plaît" mwanzoni na mwishoni. Lakini akigeukia Kiswahili anakuwa kama sajini wa kambi. Leta. Peleka. Funga. Ngoja. Fagia. Maneno mengine aliyatumia mara chache. Kiswahili chake alikuwa amejifunza akiwa mtoto, katika nyumba yenye wafanyakazi, na katika nyumba zile Kiswahili kilikuwa na kazi moja tu.

Nilimvumilia muda mrefu, kisha siku moja nikamwambia.

"Maman Régine, Swahili yako iko na sauti moja tu."

"Sauti gani?"

"Ya kutuma bantu."

Aliweka mikono yote miwili juu ya fimbo. Nikaogopa kwamba nimepoteza mwanafunzi, na pengine kazi.

"S'il vous plaît, banasemaka namna gani?" aliuliza.

"Tafazali."

"Nilikuwa naisikiaka. Bazazi yangu habakuisemaka."

Tangu siku ile akawa anawahi kabla ya wenzake, na mimi nampa sentensi moja ya kwenda nayo. Umelala muzuri? Muke yako anaendelea namna gani? Pole na kazi. Alizitamka kwa bidii kama mtu anayevaa viatu vipya, na mimi nilijiona mwalimu mkubwa, kwa kuwa hatimaye nilikuwa na mwanafunzi wangu mwenyewe.

Lakini yeye alikuja kwa jambo lingine. Utotoni, kaka zake walipelekwa kwa mwalimu wa sinagogi kusoma Torati. Wasichana hawakupelekwa. Yeye alikaa juu, kwenye roshani ya wanawake, akasikiliza nyimbo za usomaji zikipanda kutoka chini, akazishika sauti zote bila kujua herufi hata moja. Sasa alikuwa amepita themanini, na katika jumuiya yetu wanawake wanasoma kama wanaume. Rabi wetu mwenyewe ni mwanamke, Rabi Noémie. Régine alimwomba kitu ambacho wavulana wanafanya wakifika miaka kumi na mitatu: kusimama Sabato asubuhi, mbele ya watu wote, na kusoma kifungu katika gombo la ngozi. Rabi akakubali. Armand akakubali kumfundisha.

Na mimi nikapagawa.

Niseme ukweli, hakuna aliyeniomba sherehe. Niliipanga mwenyewe. Nikachukua ukumbi mkubwa. Nikaagiza keki yenye umbo la gombo, na herufi za sukari. Nikawaita wanawe wa Antwerp na wajukuu waliotawanyika. Nikaandika hotuba, yangu, ndefu, yenye maneno kama "safari" na "mwanga", nikaifanyia mazoezi bafuni mpaka Charlotte akagonga mlango.

Wakati huo, darasani, Régine alianza kulalamika. Karatasi ni mbaya, alisema. Wino umefifia.

Mimi, niliyekuwa nikiwafundisha wengine sentensi ileile, nikaita fundi wa mashine ya fotokopi.

Fundi akaja, akasema mashine ni nzima. Nikabishana naye. Nikabadilisha wino. Nikabadilisha karatasi. Régine akasema taa ni mbaya, nikapanda kwenye kiti nikabadilisha taa. Ni Armand aliyenivuta pembeni, nikiwa bado nimeshika taa ya zamani.

"Mtazame anavyosoma," alisema.

Nikamtazama. Alikuwa amegeuza kichwa upande, akiiangalia karatasi kwa pembe ya jicho, kama kuku anavyoangalia punje. Mtoto wake akampeleka kwa daktari, na daktari akasema ni ugonjwa wa uzee unaoua katikati ya jicho. Pembeni ataendelea kuona kidogo. Kile anachokitazama moja kwa moja, hapana. Na hakuna dawa ya kukirudisha.

Sikukubali kushindwa, kwa sababu keki ilikuwa imeshaagizwa. Nikakuza herufi mpaka neno moja likajaza ukurasa mzima, na mstari mmoja wa Torati ukawa mzigo wa kubebwa kwa mikono miwili. Nikaleta tableti inayong'aa, akasema inamuumiza. Hatimaye Armand akafanya jambo rahisi: akakaa naye na kumwimbia, na yeye akairudisha. Sauti alikuwa nazo tangu utotoni, zilikuwa zinasubiri maneno tu. Katika muda mfupi alishika kifungu chote kichwani, bila kosa. Nilimsikiliza kwenye mlango nikasema tumepona.

Nikaenda kumpa Rabi Noémie habari njema. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akavua miwani yake.

"Séraphin, kusoma Torati mbele ya watu ni kusoma kwa macho, kutoka kwenye ngozi. Kusema kutoka kichwani hakuruhusiwi, hata kwa anayejua yote."

"Lakini Rabi, atasimama mbele ya gombo. Atainamisha kichwa. Hakuna atakayejua."

"Yeye atajua."

Kibaya zaidi, Régine alikuwa kwenye kiti nyuma ya mlango akisubiri zamu yake na Rabi. Alisikia yote. Aliinuka, akasema kwa Kifaransa, "Rabi yuko sahihi," akaenda zake. Juma lililofuata hakuja. Lile lililofuata pia hakuja.

Alikuwa anaishi Ganshoren, katika fleti iliyotulia sana, mahali ambapo hata mbwa wanabweka kwa kujizuia. Nilikwenda na maua. Katika basi nilijiandaa, nikaweka sawa maneno ya kitaalamu: motisha, malengo, kujifunza katika maisha yote. Alinifungulia, akanikalisha, akaniacha niseme. Nilisema. Nilisema vizuri sana, nadhani, kwa muda mrefu.

Nilipomaliza aliuliza, "Ile gâteau, itakuwa namna gani?"

Nikamweleza umbo la gombo, herufi za sukari, rangi.

"Na bantu bengi?"

"Bengi, maman. Salle nzima."

"Na weye utasema discours."

"Kidogo tu."

Alitabasamu, akinitazama pembeni kidogo ya sikio langu, maana huko ndiko alikoweza kuniona.

"Séraphin, ile fête ni ya nani?"

Vijana, niliangalia maua. Yalikuwa mazuri, nilichagua vizuri.

"Mi sikukuwa nataka fête," alisema. "Siku ya Sabato, bandugu yangu banatokaka kule ndani kama bantu banajua kintu. Mi nauliza, bamebaambia nini leo? Banasema, haiko ya weye. Mi nilikuwa nataka kujua njo nini banabaambiaka mule. Basi. Nilizania nikijua kusoma, nitajua. Sasa macho imeisha."

Akaniuliza kama nataka kahawa, na akaenda kuitengeneza mwenyewe kwa kupapasa. Nikanywa, nikaaga. Katika basi la kurudi sikuwa na neno hata moja la kitaalamu.

Kesho yake nilimwambia Armand maneno yale. Alikuwa anapanga vitabu. Aliviacha, akakaa.

"Nimemwimbisha maneno haya miezi yote," alisema, "na sijawahi kumuuliza kama anayaelewa."

"Hata mimi, Monsieur."

"Wewe ulikuwa na keki."

Ndiyo njia yake ya kunifariji. Kisha akachukua simu, akampigia mwenyewe, na mimi niko palepale nasikia. Hakumbembeleza. Alisema: "Madame Régine, kifungu chako kinamsema Isaka, aliyezeeka macho yakafifia, na mwanawe Yakobo akajifunga ngozi za mbuzi mikononi, akajifanya Esau ili apate baraka. Nimekifundisha miaka mingi, na nimewasikia wengi wanaoona wakikieleza. Ningependa kumsikia asiyeona. Alhamisi uko?"

Alhamisi alikuwepo.

Na Armand, ambaye nilidhani ni mtu wa kufa na njia zake, akabadilisha darasa. Akawaambia wote wafunge vitabu. Mmoja anasoma kwa sauti, wengine wanasikiliza, kisha wanauliza. Daktari mstaafu aliyekuwa anajificha nyuma ya kamusi akajikuta hana pa kujificha. Walionyamaza siku zote wakaanza kusema. Na Régine akawa hashikiki. Kwa nini Isaka hakumwita mkewe amsaidie kumtambua mtoto? Kwa nini alimgusa, kama tayari aliisikia sauti? Armand akawa anarudi nyumbani na maswali yake, na juma linalofuata anarudi bila majibu, amefurahi. Niliingia na kahawa nikajikuta nimesimama mlangoni na sinia mpaka kahawa inapoa. Huo ndio utaalamu wote nilioupata katika kazi yangu, nawapa nao: kabla hujamfundisha mtu mzima, mwulize amekuja kutafuta nini, kisha nyamaza mpaka amalize.

Baadaye Rabi Noémie alimwita Régine tena. Alimweleza kwamba asiyeona anaweza kuitwa mbele ya Torati kama mtu yeyote. Atasema baraka kabla na baada, kwa kinywa chake, na msomaji atasoma kwa niaba yake kutoka kwenye ngozi. Na baada ya kusoma, mwenye kuitwa anaweza kuwafundisha watu kifungu hicho.

"Kufundisha?" Régine aliuliza.

"Wewe ndiye uliyekaa nacho muda mrefu kuliko sisi sote," Rabi akasema.

Niliuacha ukumbi mkubwa. Keki niliibadilisha ikawa ya kawaida, ya mviringo. Hotuba nilibaki nayo mfukoni, kwa dharura, najijua.

Siku yenyewe ilikuwa Sabato ya mvua. Mlinzi wa mlangoni alimshika mkono kumvusha kizingiti. Wanawe walikuwepo, na darasa zima, na Charlotte wangu aliyevaa kofia kubwa kuliko zote. Régine aliitwa, akapanda, akashika mpini wa gombo. Akasema baraka. Rabi Noémie akasoma, na midomo ya Régine ikawa inakwenda pamoja naye, tena mbele yake kidogo.

Kisha akawageukia watu. Alisema kwa Kifaransa, polepole, bila karatasi. Nitawaambia kama ninavyokumbuka.

Alisema watu hudhani Isaka alidanganywa kwa sababu haoni. "Sasa na mimi sioni, na ninawaambia, hakudanganywa. Sauti aliijua. Alishika mikono yenye manyoya, akasikia sauti ya mtoto mwingine, na ilimbidi achague aamini kipi. Akachagua mikono, kwa sababu mikono ndiyo iliyomletea chakula."

Akaendelea. "Nyumbani kwetu Katanga kulikuwa na mpishi, papa Mwamba. Mikono yake naijua mpaka leo. Naweza kuwaeleza kucha zake, kovu la moto kwenye kidole gumba, jinsi alivyokanda mkate. Sauti yake siijui. Alisema 'ndiyo' tu, kwa sababu hatukumuuliza kitu ambacho jibu lake ni refu zaidi. Nimekula katika mikono yake utoto wangu wote, na sijui mkewe aliitwa nani. Kaka zangu waliporudi kutoka kwa mwalimu na kuniambia haiko yako, nilikasirika. Papa Mwamba alikuwa jikoni, akisikia. Sikufikiri kwamba kuna mtu mwingine katika nyumba ile ambaye naye anaambiwa haiko yako. Hicho ndicho nilichojifunza katika kifungu hiki. Nimechelewa, lakini ndiyo maana wanaliita darasa la watu wazima."

Akashuka. Mjomba wangu mmoja alipika maisha yake yote katika nyumba za watu kama wao, na nilimfikiria yeye, na mikono yake, na sauti yake, maana mimi niliijua: alikuwa na sauti kubwa, na alisimulia hadithi mpaka watu wanashika mbavu. Baadaye Armand alinikuta kwenye korido nafuta macho. Nikamwambia ni vitunguu. Akanikumbusha kwamba ni Sabato, hakuna aliyepika.

Rabi aliniuliza mezani kama nina neno la kusema. Niligusa mfuko. Nikasema keki iko tayari, na wakasema hiyo ndiyo hotuba yangu bora.

Nilistaafu baada ya hapo. Walinipa saa ya ukutani na makofi. Juma la kwanza nyumbani nilivihamisha viti vya sebuleni mara nyingi kiasi kwamba Charlotte alinifungulia mlango akasema, "Rudi kule. Lakini safari hii ukae." Basi nikajiandikisha. Milango ya darasa lile iko wazi kwa anayetaka kujifunza, na Régine alihitaji mtu wa kumsomea. Sasa kila Alhamisi naketi karibu naye, mwanafunzi dhaifu kuliko wote wa Armand, na nasoma Kiebrania kama mtu anayepanda ngazi na mayai mikononi. Yeye haoni herufi hata moja, ananisahihisha kwa sikio.

Juma lililopita tulikuwa kwenye sala yao kubwa kuliko zote, ile inayosema Mungu ni mmoja. Kuna herufi mbili zinazofanana, tofauti yake ni kona ndogo kama ncha ya ukucha. Ukiichukua moja kwa nyingine, neno "mmoja" linakuwa "mwingine". Mimi nikasoma kwa sauti kubwa, kifua mbele.

Armand akafunika uso kwa kiganja.

"Séraphin," Régine akasema, bila kugeuka, "umetuletea mungu mungine."

Akawarudia wengine kwa Kifaransa, darasa zima likacheka, daktari akafuta machozi. Nikasogeza karatasi karibu na pua. Nikaitafuta ile kona, nikaipata, nikasoma tena.

"Bon," alisema Régine. "Sasa ni ule ule. Endelea."

Nikaendelea.